Shati Lilipokataa Kurudi

Paulina alingoja mpaka jirani yake Febronia atoke na wanawe kwenda kuamia ndege shambani, ndipo akabandika sufuria jikoni. Maji yalipoanza kuchemka alilitumbukiza shati jeupe la mume wake, akalikandamiza kwa mwiko wa zamani, akafunika. Kufua ni kazi ya uani, kila mtu anaiona na hakuna anayeiuliza. Lakini kuchemsha shati moja asubuhi nzima, kama mtu anayechemsha maharage, kungezaa maswali.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na mpunga wa bonde la Kilombero ulikuwa umeanza kukomaa. Watu wengi wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, walikuwa wanashinda mashambani, mtaa ukibaki na wazee, kuku na wagonjwa. Paulina alifurahi kwamba mtaa ulikuwa mtupu. Alichochea kuni, akaketi kwenye kigoda, akalitazama povu likisukuma kifuniko.

Yote yalianza Jumapili iliyotangulia. Tadei, mume wake, alivaa shati hilo kwenda kanisani, akasimama mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa ukutani. Kola ilikuwa imeiacha shingo. Mabega ya shati yalikuwa yameteremka mpaka nusu ya mikono.

"Mashati ya siku hizi yanatanuka, Mama Careen," alisema.

Paulina alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Angeweza kumwambia kwamba shati halikutanuka, kwamba yeye ndiye aliyekuwa anakwisha mbele ya macho yake, kwamba kila asubuhi alikuwa anautandua mkeka wake na kuukuta umelowa jasho. "Ndiyo," alijibu badala yake, "vitambaa vya siku hizi si vya kuaminika." Tangu hapo hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao kuhusu ugonjwa. Walizungumza habari za nguo.

Alipomshauri wapeleke shati kwa fundi lipunguzwe, Tadei alikataa. Fundi angemzungushia futi kifuani, na fundi ana mdomo. Paulina alipotaka kulipunguza mwenyewe kwa sindano, alikataa pia. Shati lililopunguzwa linaonekana, alisema, mikunjo inajikusanya mgongoni, na anayekaa benchi la nyuma kanisani anaona kwamba mwenye shati amepungua. Alitaka shati ambalo mtu angedhani lilishonwa hivyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo Paulina akaenda kwa Asmahani, mwanamke aliyekuwa anauza mitumba sokoni. Asmahani alikuwa ameletwa Ifakara na ndoa kutoka pwani, mume akaondoka, yeye akabaki na biashara. Paulina alimwambia amemnunulia mumewe shati, bahati mbaya likawa kubwa. Asmahani alichomoa uzi kwenye upindo wa shati, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukateketea kama karatasi na kuacha majivu.

"Pamba tupu," alisema. "Ingekuwa tetroni ingeyeyuka na kuganda. Hii ichemshe sana, ukiitoa usiivute wala usiikung'ute, ianike kwenye jua kali. Itarudi." Kisha akaligeuza shati, akaiona kola iliyokwisha kulika kwa ndevu za miaka. Shati hilo halikuwa limenunuliwa jana wala juzi. Asmahani alilikunja, akamrudishia.

Na kweli lilirudi. Jioni Paulina alipoliondoa kambani lilikuwa gumu na limejikunja, na alipolipiga pasi mikono ilikuwa imepanda na kola imejibana. Jumapili Tadei alilivaa akaenda kanisani, na mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala, Mzee Hermenegildi, akampa mkono na kumwambia amependeza. Njiani kurudi nyumbani Tadei alipiga mluzi. Paulina alitembea nyuma yake kidogo, akiyatazama mabega yaliyokaa sawasawa ndani ya shati, akajiona kama aliyemrudisha mtu.

Akachemsha na mengine. La kaki la kazini, la mistari, suruali mbili za kitambaa cha marekani. Alichemsha siku ambazo Febronia hayupo, akaanika nyuma ya choo.

&nbsp;

Tadei alikuwa anafanya kazi ya kupima mpunga kwenye mashine ya kukoboa ya Zubeiri, mfanyabiashara aliyejulikana mjini kote. Zamani alikuwa anainua gunia peke yake na kulitupa kwenye mizani. Msimu ule mavuno yalipoanza kuingia alikuwa anawaomba wenye mpunga wamsaidie, na baadaye akawa anaketi kwenye stuli akisoma mizani tu. Siku moja Zubeiri alimwita pembeni, akamwambia kwa sauti ya upole aende akapumzike mpaka apate nguvu. Nafasi yake ipo palepale, alisema. Alipogeuka kuchukua baiskeli yake, Tadei alimwona kijana mwingine ameshaketi kwenye stuli.

Alimsimulia mkewe kwamba mashine imeharibika, wanangoja kipuri kutoka Dar es Salaam. Mlio wa mashine ulikuwa unasikika mpaka uani kwao, kutwa nzima. Paulina aliusikia na Tadei aliusikia. Paulina akamwambia vipuri vya siku hizi vinachelewa sana.

Kwenye jumuiya nako mambo yalibadilika taratibu. Ilipofika zamu ya nyumba yao kusali, walikuja watu wachache, nao walikunywa chai huku vikombe wakivishika kwa ncha za vidole. Vijana wa kijiweni Tadei akipita walinyamaza, kisha akiwa mbele kidogo mmoja akasema huyo amekanyaga waya, jina la mtaani la ule ugonjwa wa siku hizo, wengine wakacheka kwa chini. Paulina alikuwa nyuma yake na beseni la unga kichwani. Alipita kama hakusikia.

Hakuwa na mtu wa kumwambia. Mama yake alikwisha kufa. Ndugu za Tadei walikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, na Tadei alikuwa amekataza wasiitwe. Binti yao wa pekee, Careen, alikuwa hukohuko Mahenge akijifunza ushonaji kwa masista, na katika barua Paulina alimwandikia kwamba baba hajambo. Hata usiku alikuwa peke yake, kwa maana yapata mwaka na zaidi Tadei alikuwa amehama kitandani. Alisema joto limezidi, akatandika mkeka sebuleni. Paulina hakuuliza. Zamani, enzi za Tadei kwenda kununua mpunga Mlimba na kulala huko wiki nzima, Paulina alikuwa na wasiwasi. Tadei alipohama kitanda, Paulina alijua tu kwamba yuko mwanamke mahali, akameza uchungu.

&nbsp;

Mavuno yalipokwisha ikaja habari ya posa. Beatus, kijana wa Mkula aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara, alikuwa amemwona Careen kwenye pikiniki ya vijana wa parokia, wakaandikiana. Barua ya posa ilikwisha kujibiwa. Sasa baba yake, Mzee Anselim, alitaka kuja na mshenga wake, Kelestini, kuzungumza mahari.

Tadei alifurahi mpaka homa ikamwacha siku kadhaa. Alisema yeye ndiye atakayewapokea na yeye ndiye atakayesema. Angevaa shati lake jeupe. "Ila limetanuka tena," alimwambia mkewe. "Lirudishe kidogo."

Paulina alilichemsha kutwa. Aliongeza kuni, akageuza, akaongeza maji, mpaka jiko likajaa mvuke wenye harufu ya sabuni na moshi. Akalianika bila kulivuta. Jioni alilipima kwa kiganja, akaona liko vilevile. Kesho yake alilichemsha tena na tena likawa vilevile. Kitambaa kilikuwa kimeanza kulegea na kupitisha mwanga, lakini upana wake haukubadilika.

Akalibeba mpaka sokoni. Asmahani alikuwa anafungua robota la nguo, wanawake wamemzunguka wakigombea magauni. Aliwaacha, akalitazama shati.

"Pamba inarudi mwanzoni," alisema. "Ikishamaliza kurudi imemaliza. Hata ukiichemsha mwaka mzima." Akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Mama Careen, mgonjwa wako anakula?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza. Kama wangekuwa wawili tu pengine angeketi chini palepale kwenye nguo, akasema yote. Lakini wale wanawake walikuwa wamegeuza macho.

"Sina mgonjwa," alisema, akalichukua shati, akaondoka.

Alitembea haraka mpaka nje ya soko. Hapo hatua zikampungukia. Alisimama kando ya barabara muda mrefu, baiskeli zikimpita na kengele zao, shati limekunjwa kwapani. Alitaka kurudi. Aliwaza atasema nini akirudi, akaona hana maneno, akaenda nyumbani.

&nbsp;

Tadei alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Ilikuwa alasiri, na jua la dirishani lilimwangukia miguuni.

"Limekataa," Paulina alisema. "Limekataa kurudi. Nimelichemsha mara mbili, na Asmahani anasema halitarudi tena. Labda nikutafutie jingine."

Tadei alinyoosha mkono akalichukua. Alilishika kwa vidole vyote, kama anayekagua kitambaa dukani.

"Si shati, Paulina," alisema.

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Careen azaliwe. Paulina alisimama mlangoni na hakuweza kuingia wala kutoka.

"Nilipima," Tadei aliendelea. "Mwaka jana, kabla ya Pasaka. Nilikwambia nakwenda Idete kuangalia shamba, nikaenda hospitali. Wakanieleza. Wakasema nije na mke wangu, nikasema nitakuja naye."

"Mwaka jana," Paulina alisema.

"Mwaka jana."

Alihesabu kimoyomoyo kurudi nyuma, akafika kwenye ule mkeka. "Ndiyo maana ulihama kitandani."

"Ndiyo maana."

Paulina aliketi chini kwenye kizingiti. Mwaka mzima na zaidi alikuwa analala akimchukia mwanamke asiyekuwepo. Alikuwa amemtengenezea sura, sauti na nguo, alikuwa anamtafuta sokoni na kanisani katika nyuso za watu. Alitaka kumpiga Tadei. Alitaka pia kwenda kuketi karibu naye. Hakufanya hata moja. Alimwuliza tu kwa nini hakumwambia, naye akajibu kwamba kila siku alikuwa anasema kesho, na wakati ule mashati bado yalikuwa yanamkaa.

Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka miguuni kwake. Kisha Paulina aliinuka akaenda kuwasha pasi ya mkaa, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kesho.

&nbsp;

Careen alifika jioni ileile na basi la Mahenge. Alipomwona baba yake alisimama na mfuko wake mkononi, akasahau hata kuamkia. Tadei akamwambia alikuwa na malaria mbaya, sasa nafuu. Careen alimtazama mama yake, mama akayainamia mawe ya jikoni.

Wageni walikuja asubuhi. Viti viliazimwa kwa Febronia, kuku alichinjwa, na wali wa nazi ukawa unangoja jikoni. Tadei aliketi kwenye kiti cha mikono, Mzee Hermenegildi wa jumuiya pembeni yake kama shahidi. Shati jeupe lilipigwa pasi likanyooka, na ndani yake shingo ilisimama peke yake.

Mzee Anselim aliingia kwanza, mtu mzima mwenye mvi, amemzidi Tadei kwa miaka mingi. Nyuma yake Kelestini alibeba furushi la khanga na blanketi. Mzee Anselim aliwahi kuleta mpunga kwenye mashine ya Zubeiri na kumwona Tadei akitupa magunia. Sasa alimkuta mtu ameketi kitini, mashavu yameingia, mikono imelala magotini, akadhani ni babu wa nyumba ile. Akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Paulina, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na sinia ya chai, aliona masikio ya mume wake yakitikisika.

"Shikamoo ni yangu mimi kukuamkia," Tadei alijibu. "Mimi ndiye Tadei."

Mzee Anselim alibaki na kofia mkononi. Kelestini akawahi kusema habari za njia, vumbi lilivyozidi na lori lililopinduka karibu na Kiberege. Wakaketi. Wakazungumza bei ya mpunga na panya walivyosumbua mwaka ule. Chai ilimiminwa, na hakuna aliyegusa kikombe. Kelestini alisema wamekunywa njiani. Furushi lilikuwa katikati ya sakafu, juu ya mkeka, na mazungumzo yalilizunguka bila kulifikia.

Tadei alijikohoza. "Wazee," alisema, "mnaniona. Naumwa, na ugonjwa wangu mnaujua, sitawachosha kwa kuuficha. Ila binti yangu haumwi. Yeye amekua kabla ya haya. Nilitaka neno hili mlisikie kwangu, msilisikie barabarani."

Mzee Hermenegildi aliinamisha kichwa. Mzee Anselim aliizungusha kofia yake magotini, na alipojibu sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. Alimshukuru kwa uwazi. Alisema jambo kama hilo haliwezi kukatwa na watu wawili, inabidi arudi akakae na ukoo, na watatuma neno. Akamtakia nafuu. Wakasimama. Kelestini alisita kidogo, akaangalia chini, kisha akainama akalichukua furushi.

Paulina aliwasindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa. Waliagana naye kwa maneno mazuri, mikono yao ikiwa nyuma.

&nbsp;

Aliporudi alimkuta Careen jikoni, amesimama mbele ya sufuria ya wali ambayo haikupakuliwa.

"Mama, uliniandikia kwamba baba hajambo."

"Baba yako alinikataza."

"Baba alikuwa anaumwa," Careen alisema. Hakuwa analia. "Wewe ulikuwa na nini?"

Paulina angeweza kumweleza habari za mashati, jinsi alivyochemsha na kuanika nyuma ya choo, jinsi ilivyoonekana kwamba ukimfanya mtu aonekane mzima kwa Jumapili moja umemsaidia. Yote hayo, alipoyapanga kichwani, yalionekana kama mchezo wa watoto. Careen alikaa na baba yake siku chache, akimlisha na kumsomea. Mama yake alimjibu kwa heshima na kwa ufupi. Kisha alirudi Mahenge. Hakuandika. Kutoka Mkula neno halikutumwa, mpaka ikasikika kwa watu wa basi kwamba Beatus ameposa kwingine.

Wiki ile Careen alipoondoka, Paulina alivaa gauni lake la kanisani akaenda hospitali peke yake. Kwenye benchi wanawake waliokuwa wakimfahamu walimsogezea nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Nesi alimchoma, akamwambia arudi kwa majibu. Aliporudi akaambiwa hana ugonjwa, lakini aje tena baada ya miezi mitatu, wahakikishe. Hakumwambia mtu. Alijizoeza kutofurahi. Alikuwa ameshapanga mambo yote kwa kujua kwamba atamfuata Tadei: nani atachukua shamba la Idete, nani vyombo, nani fedha za cherehani aliyotaka kumnunulia Careen. Aliamini kwamba majibu ya pili yangesahihisha kosa la majibu ya kwanza.

Majibu ya pili yalitoka kabla ya Noeli. Wakati huo Tadei alikuwa hainuki tena. Paulina alikuwa amemrudisha kitandani, na yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka, chini, karibu na mkono wake. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na bati lilikuwa linapiga kelele, ikabidi ainame sikioni kwake.

"Nimepima," alisema. "Mara mbili. Sina."

Tadei alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta ile lugha yao ya zamani ya mashati na vipuri. Aliona anasema kweli. Uso wake ukajikunja, machozi yakamtiririkia masikioni kwa kuwa alilala chali, na hakuwa na nguvu za kuyafuta.

"Basi Careen ana mama," alisema.

Akaomba uji. Siku nyingi alikuwa hajaomba chakula. Paulina alienda jikoni akaukoroga, akaurudisha ukiwa na sukari yote iliyobaki, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumshikia kikombe. Alikunywa polepole, akipumzika kila baada ya funda, macho yamefumba, na alikuwa ametulia kuliko siku zote za ugonjwa wake. Paulina alimfuta mdomo kwa upindo wa khanga. Miezi yote hiyo alikuwa amejitayarisha kwenda pamoja naye. Sasa alijua kwamba atamzika, kwamba watu watatawanyika, na kwamba jioni ya siku hiyo atalazimika kuufungua mlango huu mwenyewe, na kuingia.